Kilomita 220,000 zenye rekodi, au 80,000 zisizo na maelezo?

Ukichagua kati ya magari mawili yaliyotumika, wengi wangekimbilia lililotembea 80,000 papo hapo. Mimi ningechukua la 220,000, mradi daftari la sevisi lionyeshe oili ilibadilishwa kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Injini ya petroli iliyotunzwa hivyo mara nyingi hufika 300,000 bila kufunguliwa kwa matengenezo makubwa, hasa kama ilitembea zaidi barabara kuu, ambako hukaa kwenye joto lake la kawaida.

Hilo la 80,000 huenda limeishi kwa safari fupifupi. Injini haipati joto la kutosha, maji na petroli hubaki ndani ya oili, nayo hugeuka tope. Fungua kifuniko cha oili umulike kwa tochi: ukikuta utando mweusi mzito kama grisi, achana nalo. Tazama pia raba ya pedeli ya breki. Ikiwa imelika hadi chuma na dashibodi inasema 80,000, namba hiyo usiiamini.

Yote mawili yawashe injini ikiwa baridi kabisa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. La 220,000 uliulizie mkanda wa taimingi, ule unaopanga valvu zifunguke na kufungwa sambamba na mwendo wa pistoni, ulibadilishwa lini: ukikatika, kwenye injini nyingi valvu hugongana na pistoni.