Buti la kifundo kilichovunjika, likikaguliwa na fundi cherehani

Nimelivaa buti hili wiki sita, mguu wa kulia, mchana na usiku, nikilivua kuoga tu. Kazi yangu ni cherehani, kwa hiyo nitalikagua kama ninavyokagua nguo iliyoshonwa na mwingine: naigeuza ndani nje kwanza.

Ni buti refu la kijivu, vidole viko wazi mbele, juu linaishia chini kidogo ya goti. Ganda ni la plastiki, mbele na nyuma. Ndani kuna bitana ya sponji nene. Kuna mikanda mitano ya velkro, na ubavuni pampu ndogo ya mpira ya kujaza hewa kwenye mifuko iliyofichwa pande mbili za kifundo. Unyayo wake umepinda kama mguu wa kiti cha kubembea, ili mwili ubiringike kutoka kisigino hadi vidoleni kifundo kikiwa kimetulia. Nililiweka kwenye mizani likaonyesha kilo moja na gramu 400. Kiatu changu cha kawaida hakifiki gramu 300.

Nililipataje? Niliteremka ngazi nimekumbatia jora la kitambaa cha pazia, mbele sioni, nikadhani nimefika chini kumbe imebaki ngazi moja. Mguu ukapinduka kwa ndani, nikasikia "ka!" kama kijiti kikavu. Jora halikupata hata vumbi, maana nililikumbatia mpaka chini.

Daktari hakukimbilia picha. Aliniuliza kwanza kama naweza kupiga hatua nne, hata za kuchechemea. Ya pili ikanishinda. Kisha akabonyeza kwa kidole gumba ukingo wa nyuma wa lile nundu la nje la kifundo, nikapiga kelele hadi aliyekuwa mlangoni akachungulia. Baadaye nikasoma kwamba hiyo ndiyo Kanuni ya Ottawa, iliyotolewa na madaktari wa Kanada mwaka 1992 ili watu wasipigwe eksirei za bure. Kama una maumivu eneo la kifundo, na mfupa unauma ukibonyezwa kwenye sentimita 6 zake za chini kabisa, upande wa nyuma, au hatua nne zinakushinda, unapigwa picha. Mimi nilikuwa na yote mawili. Eksirei ikaonyesha mfupa mwembamba wa nje umepasuka mshazari, usawa wa kiungo, ila vipande havijaachana. Nilifungwa plasta siku kumi mpaka uvimbe ukapungua, kisha nikakabidhiwa buti.

Naweka neno hili mapema kwa sababu watu husoma nusu: buti hili linafaa kwa mvunjiko uliotulia. Vipande vikiachana, au kiungo kikilegea, huenda ukahitaji bamba na skrubu, na hakuna mkanda utakaofanya kazi hiyo. Usiazime buti la jirani kabla hujaona picha ya mfupa wako.

Sasa velkro, ambayo naijua kuliko daktari. Ilianza mwaka 1941, mhandisi wa Uswisi aitwaye George de Mestral aliporudi matembezini na mbwa wake, mbegu za majani zimewaganda wote wawili. Akaziweka chini ya hadubini, akaona kila mbegu ina vindoano. Jina lenyewe limeungwa kutoka maneno ya Kifaransa ya mahameli na ndoano. Sisi tuliokua tukipita kwenye magugu ya kishona nguo tulikuwa na ugunduzi huo kwenye pindo za sketi zetu kila siku, tukaishia kuubandua kwa hasira.

Velkro ya buti hili ina nguvu siku za mwanzo, halafu vindoano hukusanya kila kinachopita. Kwenye chumba cha fundi kinachopita ni nyuzi. Wiki ya tatu mkanda wa nne, ule unaokaza juu ya kifundo chenyewe, ulianza kuachia kwa sauti nikiwa natembea. Nikausafisha kwa sindano na mswaki mkuukuu, ukarudi kushika kwa siku chache. Nilipochunguza mshono wake nikakuta wamepitisha mstari mmoja tu wa uzi, na mwishoni hawakurudisha. Mwanafunzi wangu wa mwezi wa kwanza angefumulishwa. Nikaushona upya kwa mistari miwili na msalaba katikati. Kwa kitu kinachoshika mfupa wa mtu, hilo ni kosa la kuona haya.

Pampu ni nzuri, ila inahitaji adabu. Kisigino kisukumwe nyuma kabisa kwanza, mikanda ifungwe kuanzia vidoleni kupanda juu, ndipo hewa iingie, kidogo kidogo, hadi mguu uhisi umeshikwa. Nilikuwa nabonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu: ukipauka na kurudi rangi yake papo hapo, damu inapita. Vidole vikifa ganzi, toa hewa, usijikaze.

Kukaza kupita kiasi kulinitia hofu wiki ya pili. Shavu la mguu liliuma upande mmoja, nikarudi hospitali siku ileile. Nisingerudi ningekuwa mjinga: mguu usiotembea damu yake huenda polepole na inaweza kuganda, na bonge likichomoka likafika kwenye mapafu ni habari nyingine kabisa. Wakanipima, hakukuwa na bonge, ulikuwa mkanda wa juu niliokuwa nauvuta kama navuta uzi wa marinda. Lakini shavu likivimba, likipata moto, au pumzi ikikata ghafla, usisubiri kesho.

Kosa kubwa kuliko yote sikuliona kwenye buti. Nililiona kiunoni. Nilipoanza kuweka uzito, nyonga ya kushoto ikaanza kuniuma, mgongo ukafuata. Nikachukua futikamba. Unyayo wa buti ulikuwa umeninyanyua sentimita 4 upande wa kulia, na kushoto nimevaa ndala. Nilikuwa natembea kama meza iliyokatwa mguu mmoja! Hakuna karatasi kwenye boksi iliyosema neno hili. Nikatafuta kiatu cha kushoto chenye soli nene, nikaongeza tabaka mbili za soli ya sponji ngumu chini yake, nikagundisha na kushona pembeni. Maumivu ya nyonga yakaisha kwa siku nne. Ukipewa buti, fikiria kiatu cha pili siku hiyohiyo.

Joto nalo. Bitana hainywi jasho, inalirudisha. Nilijishonea soksi tatu ndefu za pamba, mshono nje ili usichimbe ngozi, nikawa nabadilisha asubuhi na jioni. Soksi za dukani zenye mshono mnene vidoleni zilinitoboa malengelenge usiku mmoja tu.

Magongo sina mengi ya kuyasema. Yangu ni yale ya kwapani, ya alumini, yenye matundu ya kurekebisha urefu. Ukisimama wima, kati ya kwapa na gongo vipite vidole viwili au vitatu, na mshiko uwe usawa wa kifundo cha mkono. Uzito unabebwa na viganja. Mimi siku tatu za kwanza nililala kwenye kwapa, mkono ukaanza kuwa mzito na vidole kutekenya, maana kuna mshipa wa fahamu unaopita hapo na hautaki kukaliwa. Kwenye ngazi nilijifunza wimbo mfupi: mzima hupanda wa kwanza, mbovu hushuka wa kwanza. Ile mipira ya chini ikilika ibadilishwe, la sivyo sakafu yenye maji itakurudisha eksirei. Baadaye nilipobaki na mkongojo mmoja niliushika upande wa mguu mbovu, binti yangu akanicheka, "Mama, hata mimi najua ni mkono wa upande wa pili." Alikuwa sahihi.

Kifaa kilichonisaidia kuliko vyote hakikuwemo kwenye boksi. Ni mizani ya kusimamia. Wiki ya nne tangu kuanguka niliambiwa nianze kukanyaga kwa robo ya uzito. Robo ni nini kwa mguu? Nina kilo 68, kwa hiyo 17. Nikasimama na magongo, nikaweka buti juu ya mizani, nikakanyaga kwa makadirio yangu ya upole kabisa. Mshale ukaruka hadi 31. Mimi ninayekadiria kiuno cha mteja kwa jicho na kukosea nusu inchi! Ilinichukua jioni mbili kuufundisha mguu 17 inavyohisi. Kisha tukaenda 34, na kuendelea, kila mara kwa ruhusa. Kama unaambiwa "kanyaga kidogo", dai kilo.

Siku buti lilipovuliwa moja kwa moja, nilitegemea kutembea. Ndugu yangu, nilisimama kama ndama. Buti linalinda mfupa, na hilo limefanya vizuri, picha ya pili ilionyesha mfupa unashikana. Lakini wiki sita kifundo hakikuambiwa kifanye lolote, kikasahau. Nilipima mashavu ya miguu: kushoto sentimita 37, kulia 34. Ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Mtaalamu wa fizio akanionyesha kipimo ambacho kwa fundi ni raha: weka vidole vya mguu mbele ya ukuta, kunja goti ligonge ukuta bila kisigino kuinuka, rudi nyuma taratibu hadi lisifike, pima umbali wa kidole gumba na ukuta. Kushoto sentimita 11. Kulia 2. Nikaiandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wangu mwenyewe.

Alinipa utepe wa mpira wa mazoezi. Kwa kiburi nikaona ninayo lastiki ya kiuno robota zima, ya nini kutumia wake? Nimejaribu, nakiri: lastiki ya nguo haifai. Inavutika kidogo kisha inagoma ghafla, mguu unagonga ukuta hewani. Utepe wa mpira unaongeza ugumu taratibu. Huo naupa nyota tano bila ubishi. Nilivuta mbele, nyuma, ndani, nje. Nilichora herufi zote kwa kidole gumba cha mguu, A hadi Z, huku nikisikiliza wateja wanavyosuta mabega ya magauni yao. Kuinua visigino nilifanya nimeshika meza ya kukatia, kwanza miguu miwili, na baada ya wiki kadhaa mmoja. Kusimama kwa mguu mmoja nilifanya nikisubiri pasi ipate moto. Uvimbe wa jioni uliendelea, na niliambiwa unaweza kukaa miezi. Nilikuwa nalala chali, mguu juu ya jora lilelile la pazia, ambalo mwenyewe hakuwa amelifuata.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Wiki ya kumi nikaijaribu. Pedeli inataka kifundo kishuke na kupanda, kishuke na kupanda, mlingano mmoja. Changu kilishuka, kupanda kikachelewa, gurudumu likarudi kinyume, uzi ukakatika. Nikatunga sindano upya, likarudi tena. Mteja mmoja alikuwa amekaa anasubiri, akauliza kwa sauti ya chini, "Fundi, nije wiki ijayo?" Nikamwambia njoo. Nikaanza na mguu wa kushoto ukifanya kazi na wa kulia ukisindikizwa tu juu ya pedeli, dakika kumi, napumzika. Mtaalamu wa fizio aliposikia alinyamaza kwanza, akaniuliza kama inauma siku ya pili. Nikasema inachoka, haiumi. Akasema endelea, kesho yake uvimbe ukizidi upunguze.

Huu ni mwezi wa tano. Goti la kulia linafika ukutani kwa sentimita 9, shavu la mguu limepanda hadi 36. Asubuhi kifundo kinaamka kigumu, hatua kumi za kwanza ni za bibi harusi, halafu kinalegea. Ngazi nashuka nikihesabu, na nimeshika ukuta.

Kwa buti: nyota nne kwa kulinda mfupa, mbili kwa ushonaji, sifuri kwa kimya chake kuhusu kiatu cha pili. Bitana imeshachukua umbo la mguu wangu, kwa hiyo simwazimi mtu. Limesimama pembeni ya cherehani, nimechomeka humo karatasi za patani nilizozikunja. Pampu bado inafanya kazi. Mkanda wa nne nimeukata, uko kwenye mkoba wa mteja, umeshonwa mistari miwili.