Kompyuta ya kazi nzito Dodoma: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Wiki mbili zilizopita binti mmoja mpima ardhi alipita ofisini kwetu Area C. "Shikamoo kaka," akasema kabla hajakaa. "Nimepata kazi ya viwanja Nzuguni, malipo ya awali yameingia. Ninunue desktopu kubwa au laptopu?"

Swali hilo naletewa na wachoraji wa majengo, wahandisi, wahariri wa video, hata walimu wa vyuo. Zamani nilikuwa na jibu moja: tafuta desktopu nzito, ile wanayoiita wekistesheni, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Xeon na kadi ya grafiki ya Quadro, mambo mengine baadaye. Siku hizi nauliza kwanza: mashine yako ikikukwamisha, inakuwa inafanya nini?

Nauliza hivyo kwa sababu watu wanalipia nguvu wasiyoitumia. AutoCAD na Revit, programu za kuchorea majengo, unapochora muda mwingi zinategemea kiini (core) kimoja cha prosesa. Ukiwa na viini 12, kumi na moja vinakaa tu vikitazama. Kinachokuharakisha ni kasi ya hicho kimoja, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya kutosha na SSD (diski ya kasi). Viini vingi na kadi kubwa ya grafiki vinalipa pale unaporenda, yaani kugeuza mchoro wa jengo kuwa picha kamili, unapohariri video ndefu, au unapounganisha mamia ya picha za droni kuwa ramani. Kama kazi hizo unazifanya mara moja kwa mwezi, huhitaji mashine ya kuzihudumia kila siku.

Kwa hiyo, nafasi ya kwanza naipa laptopu ya kazi nzito iliyotumika. Tafuta Dell Precision 7530, Lenovo ThinkPad P52 au HP ZBook 15 G5, zote za mwaka 2018, au matoleo yaliyozifuata. Usishuke chini ya hapo. Prosesa za Intel za kizazi cha 8 ndizo Windows 11 inaanza kuzikubali rasmi, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Precision 7530 na P52 zina nafasi nne za RAM, unaweza kuanza na GB 16 ukaongeza taratibu. Ila bei ya RAM ilipanda vibaya mwishoni mwa 2025, viwanda vikikimbilia kuhudumia seva za akili mnemba, kwa hiyo ukikuta mashine imeshawekwa 32, hiyo ni fedha halisi mkononi.

Naiweka juu kwa sababu ya Dodoma yenyewe. Kazi zetu zina miguu. Asubuhi uko Mtumba kwenye Mji wa Serikali, mchana uko saiti Ihumwa, jioni mteja anataka mabadiliko mbele ya macho yake. Halafu umeme. Bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115 na hali imekuwa nafuu kweli, lakini laini bado inazimwa kwa matengenezo, na radi za Januari haziombi ruhusa. Laptopu inaendelea kuwaka wakati jirani mwenye desktopu anashika kichwa. Kasoro zake nazo uzijue: uzito wa karibu kilo 2.5, chaja kama tofali, na joto ikibanwa na kazi ndefu.

Hilo joto ndilo linaloipa nafasi ya pili desktopu nzito iliyotumika. Mwaka jana nilichakata picha za droni za shamba la zabibu upande wa Hombolo, picha zaidi ya 600. Laptopu niliianzisha saa mbili usiku. Saa kumi na moja alfajiri bado inasaga, feni inalia, kibodi huwezi kuweka kiganja. Nikaihamishia kazi ileile kwenye HP Z4 G4 ya ofisini, ikamaliza kabla ya chakula cha mchana na huku mwenzangu anachora juu yake. Prosesa ya laptopu ikipata moto hupunguza kasi ili isiungue. Boksi kubwa lenye hewa halina haja hiyo.

Hapa angalia jina vizuri. HP Z4 G4, Dell Precision 5820 na ThinkStation P520 zinatumia Xeon W, ambazo Microsoft iliziongeza kwenye orodha ya Windows 11 mwaka 2021. HP Z440 na Dell T5810 za kabla yake zinauzwa bei ya kuvutia sana, na muuzaji atakuapia kwamba ni kitu kilekile. Si kilekile. Zile hazimo kwenye orodha. Ukiwa unatumia Linux badala ya Windows, na QGIS ya ramani au Blender ya picha za 3D, Z440 bado ni mali nzuri na mimi ningeichukua. Kama maisha yako ni ArcGIS Pro ya ramani na Civil 3D ya barabara na viwanja, zinazotaka Windows, iache.

Gharama ya umeme nayo ihesabu. Desktopu inayokula wati 300 kwa saa nane inamaliza uniti 2.4 kwa siku. Ongeza UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, na usichukue ile ndogo kabisa, kwa sababu UPS ya 650VA hubeba takribani wati 360 au 390 tu, na dakika zake ni za kuhifadhi faili na kuzima, si za kuendelea na kazi.

Na vumbi. Agosti, upepo ukiwa umekolea, nilifungua ubavu wa ile Z4. Kwenye mapezi ya kupozea prosesa kulikuwa na zulia jekundu, limeshikana, unaweza kulibandua kwa ukucha kipande kizima. Toa boksi nje, shika feni kwa kidole isizunguke, pitisha bloa. Kiangazi nafanya hivyo kila mwezi.

Nafasi ya tatu ni desktopu mpya ya kawaida ya kuunganishwa na fundi, yenye Ryzen au Core i5 ya miaka ya karibuni na kadi ya grafiki ya RTX. Kwa kuchora tu inaipita Xeon W ya 2017 bila jasho, na kama una ofisi isiyohama ipandishe hadi ya pili. Naishusha kwa sababu ya pawa saplai. Mafundi wengi hubana fedha hapo, na pawa saplai mbovu ikiondoka huondoka na mazabodi.

Mac mini ya M4 ni ya nne kwa wachoraji na ya kwanza kabisa kwa wahariri wa video. Ilitoka Novemba 2024 kwa dola 599 Marekani, ina RAM ya GB 16, na ikifanya kazi kwa nguvu zote haizidi wati 65. ArchiCAD, ya kuchora majengo, inakubali. Revit, Civil 3D na ArcGIS Pro hazina toleo la Mac. RAM yake haiongezeki, unayonunua ndiyo utakayokufa nayo.

Kurenda kwa seva za kukodi mtandaoni sijakupangia namba. Picha za droni zenye ukubwa wa GB 5, kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, zinachukua zaidi ya saa mbili kupanda tu. Kwa jengo moja la haraka inafaa.

Mwisho kabisa naiweka wekistesheni mpya kutoka kiwandani. Ina RAM ya ECC inayosahihisha makosa yake na kadi zilizopimwa na watengenezaji wa programu. Kampuni inayoendesha hesabu za madaraja siku tatu mfululizo inazihitaji. Mtu binafsi anayeanza, hapana.

Dukani, usikubali kuonyeshwa skrini inayowaka tu. Ingia BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, uone kama ina nenosiri, kwa sababu mashine nyingi zilitoka kwenye makampuni ya nje na nyingine bado zimefungwa. Fungua CrystalDiskInfo usome SSD imewaka saa ngapi. Iache irende dakika 20 huku umeweka mkono kwenye tundu la hewa. Kwa laptopu andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt uone hali ya betri. Dai risiti ya EFD yenye namba ya kompyuta unayonunua, maana mimi niliwahi kurudisha mashine ya wiki moja nikaambiwa hawaijui.

Binti yule alipanda treni ya SGR alfajiri. Mchana akanipigia kutoka Kariakoo, amesimama mbele ya P52, ananisomea ripoti ya betri: ilitoka kiwandani na uwezo wa mWh 90,000, imebaki 58,000. Nikamuuliza RAM. "Thelathini na mbili, kaka, nimefungua nikaziona." Nikamwambia adai punguzo la bei ya betri, kisha aichukue.