Turubai la pikapu ya shamba: kagua mshono kwanza, unene baadaye

Tangu mvua ziishe napokea lalamiko lile lile, wanaolalamika tu ndio wanabadilika. Mama mmoja mfugaji wa Mafinga amenunua turubai zito, jipya, la bei ya kuumiza, na bado pumba zimelowa. Si pembeni ambako ungetegemea, ni katikati ya rundo. Kijana anayepeleka mashudu ya alizeti kutoka Iringa hadi Rujewa naye yamemkuta hayo hayo: mifuko ya kushoto mikavu, ya kulia mikavu, ya katikati imeota ukungu kwa mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Wote wawili waliporudi dukani waliambiwa hilo ni jasho la mzigo, yaani unyevu unaotoka kwenye mzigo wenyewe.

Jasho la mzigo lipo, sikatai. Ila jasho hulowanisha upande wote wa ndani wa turubai, likadondoka popote. Haliendi kwa mstari. Mstari maana yake mshono unavuja.

Kwa hiyo leo sitaongelea rangi, wala sitauliza kama turubai linazuia maji. Likiwa dukani kila turubai linazuia maji. Mimi nataka kujua limeunganishwa wapi, kwa uzi gani, na pindo limelalia upande upi.

Tufanye hesabu. Mshono wa mita 2 juu ya keria, pale nyuma panapopakiwa mzigo, sindano ikipita kila milimita 4, ni matundu 500. Fundi akipiga mistari miwili, kama wengi wanavyofanya ili uone kazi imekaza, ni matundu 1,000, na yote yako juu ya chakula cha ng'ombe wako. Mvua ikinyesha gari limesimama, maji hutuama mahali palipolegea kati ya bomba na bomba za fremu, na uzito wake unayasukuma chini kupitia matundu hayo. Gari likitembea hali ni mbaya zaidi. Upepo unapiga turubai, uzi unavutwa huku na huku, na kila tundu linapanuka. Panda Matamba kutoka Chimala siku ya mvua na kona zile, kisha ufunue uone.

Halafu kuna jua. Watu wa nyanda za juu tunadanganywa na baridi, tunadhani jua letu ni la upole. Shirika la Afya Duniani linasema mionzi ya urujuanimno huongezeka asilimia 10 hadi 12 kila unapopanda mita 1,000. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi, na Kitulo ni zaidi ya 2,500. Kinachowahi kuliwa na mionzi hiyo ni uzi, kwa sababu ni mwembamba na umekaa juu bila kinga. Nailoni ndiyo inayochoka mapema zaidi. Turubai linabaki zima, uzi unakatika kama tambi kavu, na wewe unamlaumu aliyefuma kitambaa.

Kuujua uzi ni rahisi. Omba kipande kidogo, kiwashe kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Kwa turubai la kitambaa cha pamba, tafuta uzi wenye pamba nje na poliesta ndani. Pamba ikilowa huvimba na kuziba tundu lake yenyewe, poliesta inashika nguvu. Uzi wa pamba tupu nao huvimba vizuri sana, ila huoza ukikunjwa mbichi. Na fundi akikwambia uzi ni uzi tu, mshukuru kwa muda wake, uondoke.

Upande wa kulalia je? Pale vipande viwili vinapopandana, cha mbele kiwe juu na mdomo wa pindo uangalie nyuma ya gari, kama mabati yanavyolaliana kufuata mteremko. Ukigeuzwa, kila kilomita unayokimbia upepo unasukumia maji ndani ya pindo. Nimeyaona magari mengi yakishuka Uyole yameshonewa kinyume, na sina hakika kama wenyewe wanajua.

Sasa niyapange maturubai kwa ubora. Kipenzi changu nakitaja wazi: turubai la PVC, kitambaa kilichopakwa plastiki, lile la malori, na ndani ya hayo nalipenda la Mehler, lile la Kijerumani lenye jina Valmex. Sijalipwa na mtu. Nalipenda kwa sababu roli za PVC za namna hii, yaani kitambaa kilivyoviringishwa kiwandani, mara nyingi huja na upana wa mita 2 na nusu. Paa la pikapu, iwe Hilux au Land Cruiser, halifiki hapo. Maana yake juu ya mzigo wako hapahitajiki kuungwa kabisa! Kipande kimoja, kuanzia nyuma ya kebini hadi mlango wa nyuma. Mbavuni ndiko kuna maungio, na hayo hayashonwi, huunganishwa kwa hewa ya moto hadi vipande viwili vinakuwa kimoja. Hakuna sindano, hakuna tundu.

Uzito wake uanzie gramu 650 kwa mita ya mraba. Muuzaji atakutajia 900 bila kupepesa. Usibishane naye. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kipeleke kwa mtu mwenye mizani ya dhahabu, na hapa kwetu, na Chunya yetu yenye machimbo ya dhahabu, hawakosekani. Gramu zitakazosomeka zidishe mara 100. Kikisoma 4.8, umeuziwa 480, na sasa unayo hoja ya kurudi nayo dukani.

La mtumba, lile linalotolewa ubavuni mwa semi-trela za Ulaya, usilidharau. Barabara ya Tunduma inapitisha malori usiku na mchana, na maturubai yake yaliyotolewa huuzwa kwa vipande. Nembo ya kiwanda mara nyingi imechapwa kwenye kitambaa chenyewe, itafute. Kunja kona kwa nguvu na ukandamize kwa kidole gumba. Ukiona mistari myeupe ya nyufa, limeshakauka, liache. Kasoro ya PVC, jipya na mtumba, ni kwamba halipumui. Ukibeba ndama, nyuma pabaki wazi, na chagua jeupe au la kijivu ili usiwaoke. Mzigo mbichi nao ufunuliwe mara tu ukifika.

La pili ni la kitambaa cha pamba, ambalo wauzaji wote wanaliita la jeshi hata kama jeshi halijawahi kuliona. Kwa mfugaji anayesafirisha wanyama zaidi ya chakula, ningelipandisha liwe la kwanza. Linapumua, halipigi kelele kwenye upepo, na fundi yeyote wa viatu anaweza kulitia kiraka. Shida yake ni upana: kitambaa cha pamba kwa kawaida huja chembamba kuliko PVC, kwa hiyo mshono juu ya paa ni vigumu kuukwepa. Basi mwambie fundi aupeleke juu kabisa ya bomba la fremu, mahali ambapo maji hayatuami, na kila msimu wa mvua ukikaribia sugua mshono kwa nta ya nyuki, kisha uipitishie pasi ya moto mdogo ili nta izame ndani. Usilikunje likiwa bichi. Huku Rungwe, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, kulikausha ni kazi ya siku nzima, kwa hiyo kama unaishi Tukuyu soma tena aya za PVC.

Kanopi ya faiba inapendeza, sina ugomvi nayo. Lakini ng'ombe hasimami ndani yake na majani makavu hayapangiki kupita urefu wake. Ni ya watu wa ofisi wenye shamba.

Turubai la bluu la plastiki lifunikie matofali.

Sasa niseme la moyoni kuhusu wauzaji. Kwanza, vipimo. Unaambiwa mita 4 kwa 6, unalipia 4 kwa 6, ukifika nyumbani na futi yako linapungua kila upande. Ukiuliza, unajibiwa hicho ni kipimo kabla ya kukunjwa pindo. Ningejuaje? Mimi ninafunika gari baada ya pindo. Sema kabla ya kulipa kwamba unataka kipimo cha turubai lililokwisha, na liandikwe hivyo kwenye risiti, risiti ya mashine, si kikaratasi cha daftari.

Pili, bei inaangalia ulichoshukia. Ukishuka kwenye bajaji ni bei moja, ukishuka kwenye Land Cruiser ni nyingine, hata kama Land Cruiser yenyewe ina umri wa kuwa babu. Mimi siku hizi naegesha mbali, natembea. Na bado kuna duka moja hapa mjini, sitalitaja, ambako kila nikiuliza bei naambiwa, "Mama, mzee yuko wapi tuongee naye?" Mzee hajui hata keria ina urefu gani.

Tatu, wakati. Agosti mafundi wamekaa wanapiga soga na utapata wa kukusikiliza. Subiri Novemba, mawingu yakianza kujikusanya juu ya mlima Loleza, utapanga foleni, bei imepanda, na kazi itafanywa haraka haraka kwa uzi wowote uliopo.

Jambo la mwisho ni mabaki. Fundi wengi hubana kitambaa. Badala ya kukata kipande kimoja kizima kwa ajili ya paa, anaunga viwili ili roli imtoshee na gari la mtu mwingine. Simama naye anapokata. Mwonyeshe mahali paa linapoanzia na linapoishia, na umwambie hapo katikati hutaki kuona sindano. Vipande vinavyobaki ukivilipia ni vyako, vichukue hata kama huna kazi navyo, kwa maana ukimwachia ndivyo vitakavyounganishwa katikati ya turubai la mwenzio.