Robo kuku bila chipsi: Galito's, KFC na Chicken Inn kwa anayepunguza uzito

Nairobi, kuku ndiye hulaumiwa na chipsi ndizo zenye kosa. Katikati ya jiji, Galito's, Chicken Inn na Pizza Inn mara nyingi hukaa chini ya paa moja, kaunta ikigusa kaunta, kwani zote zinaendeshwa na Simbisa, kampuni yenye asili ya Zimbabwe. KFC, iliyoingia Kenya mwaka 2011, huwa hatua chache tu kutoka hapo. Ladha kila mtu ana yake. Anayehesabu kalori aangalie mambo mawili: kuku amepikwaje, na je, unaweza kumnunua peke yake bila kubembelezwa uchukue kombo, yaani kuku, chipsi na soda kwa pamoja.

Kwa kipimo hicho Galito's iko mbele. Ilianzia Nelspruit, Afrika Kusini, mwaka 1996, na kazi yake ni kuku wa kuchoma: anapasuliwa, analazwa bapa juu ya moto, mafuta ya ngozi yanadondoka chini badala ya kubaki mdomoni. Hakuna unga. Agiza robo peke yake, toa ngozi, na tuseme umebaki na nyama gramu 130. Kidari kilichochomwa bila ngozi kina kalori kama 165 na protini gramu 31 kwa kila gramu 100. Paja linapanda kidogo, kati ya 180 na 200. Kwa hiyo umekula kalori 215 hadi 260, na tumbo limepata kitu cha maana.

Kasoro iko kwenye sosi. Kuku hupakwa sosi ya pilipili akishaiva, na sosi ya namna hiyo hubeba mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta matupu ni kalori 120. Sema mapema, kabla hajaguswa na brashi: "Sosi weka kando." Halafu chovya ncha ya uma tu. Kidari nacho kina tabia yake. Hakina mafuta ya kukilinda, kwa hiyo kikikaa muda mrefu kwenye kabati la joto hukauka kama kitambaa, na anayekula nyama kavu huishia kuomba mayonesi, karibu kalori 95 kwa kijiko kikubwa. Uliza kama kuna kuku anayetoka motoni sasa hivi. Ukiambiwa dakika kumi na tano, subiri. Wakisema hakuna, chukua paja.

KFC hukaanga kwa mafuta ndani ya sufuria iliyofungwa kwa shinikizo. Maji ya nyama hayapati nafasi ya kutoka yote, ndiyo maana hata kidari chao hubaki laini. Hesabu ambazo KFC huchapisha Marekani kwa kuku wao wa mapishi ya asili (Original Recipe) zinaonyesha paja kalori 280, mguu 130, bawa 130 na kidari 390. Hicho kidari kinashangaza wengi: ndicho kipande chepesi kikichomwa, lakini hapa ndicho kikubwa kuliko vyote na kina eneo pana la kushika unga. Ukiwa KFC, mguu mmoja au miwili ni salama kuliko kidari.

Dawa nyingine ni kumenya. Shika kipande kingali moto, ingiza kidole chini ya ganda upande wa mfupa, vuta polepole. Ganda na ngozi hutoka pamoja kama soksi, na sehemu kubwa ya mafuta huondoka nayo. Akishapoa, unga hugandia nyama na utamenya hadi ukate tamaa. Viungo vingi pia viko kwenye lile ganda, kwa hiyo usitarajie ladha ileile. Kama unaona kumenya kuku wa KFC ni dhambi, basi usimmenye. Kula mguu mmoja na ganda lake, uishie hapo.

Chicken Inn, iliyozaliwa Harare mwaka 1987, ndiyo ngumu kuliko zote kwa anayepunguza uzito. Kuku ni wa kukaanga kwa unga, na duka zima limejengwa juu ya vipande viwili na chipsi. Chipsi zenyewe, kwa maoni yetu, ndizo tamu kuliko za wenzake. Hiyo ndiyo hatari yake.

Tuzungumzie hizo chipsi. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori kama 87. Zikikaangwa hupoteza maji, hunywa mafuta, na gramu 100 za chipsi hufika 312. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi cha kalori 240, wakawauliza kila dakika 15 kwa saa mbili wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ukapewa 100 kama kipimo. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, vikaongoza orodha yote. Chipsi zilipata 116. Kiazi ni kilekile! Walioshiriki hawakuwa wengi, lakini yeyote aliyemaliza sahani ya chipsi saa saba akatafuta mandazi saa kumi atauelewa utafiti huo bila kufundishwa.

Sasa weka pamoja: paja na mguu wa KFC 410, chipsi gramu 150 kama 470, soda ya nusu lita 210. Jumla 1,090. Ondoa chipsi na soda, umebaki na 410 na chupa ya maji. Januari 2022, KFC Kenya walipoishiwa viazi kwa sababu shehena kutoka nje ilichelewa, nchi ilikasirika kwelikweli kwamba viazi vya Nyandarua vipo na havinunuliwi. Waliokuwa wakipunguza uzito walipata nafuu ya muda bila kujua.

Njaa yenyewe haishindwi kaunta, inashindwa asubuhi. Kosa la kawaida ni kuruka kiamsha kinywa na chamcha ili "kuweka akiba" ya kuku wa jioni. Ukifika saa kumi na mbili ukiwa mtupu, harufu ya mafuta ndiyo itakayoagiza, si wewe. Mayai mawili ya kuchemsha, kalori kama 155, pamoja na chungwa, yanakufikisha mchana. Saa kumi, sahani ndogo ya maharagwe na sukuma ya kibandani bila chapati. Chapati moja ya unga gramu 80 na kijiko kikubwa cha mafuta ni kalori 400, yaani imekula nafasi yote ya kuku. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asipunguze wala kuruka mlo bila kuongea na daktari wake.

Kuku wa maduka yote matatu ana chumvi nyingi, na chumvi hushika maji mwilini. Kesho yake mizani ikipanda kilo moja, hayo ni maji; kilo moja ya mafuta ya mwili inahitaji ziada ya kalori kama 7,700. Usijipime hadi siku mbili zipite.

Na Pizza Inn, hapo kaunta ya jirani? Jumanne ukinunua moja unapewa ya pili bure, na hiyo ya bure ndiyo huliwa saa nne usiku mbele ya televisheni. Ukifika nyumbani, kata ile ya pili vipande, funga kila kimoja peke yake, tia kwenye friza, ndipo ufungue boksi la kwanza.