Kliniki ya mbwa na paka ya huduma ya siku hiyo hiyo: nyota nne, na sababu zake

Kliniki hii inaona mbwa na paka walioumwa leo na wanaohitaji daktari leo. Haichanji, haihasi, haisafishi meno. Inafungua saa ambazo daktari wako wa kawaida ameshajaza miadi, inafunga saa nne usiku, na hailazi mgonjwa. Nimempeleka hapo paka wangu Jivu na baadaye mbwa wangu Bosi, kwa mambo yasiyofanana hata kidogo, na nataka wenye wanyama wajue watakachokuta.

Niseme kwanza ninachokipima. Vifaa si shida. Mashine ya damu, eksirei na oksijeni utavikuta karibu kila kliniki ya aina hii. Ninachoangalia ni maswali wanayokuuliza dakika za mwanzo, na kama wanajua uwezo wao unaishia wapi. Kwa hayo mawili, sijaona mahali pazuri kuliko hapa.

Jivu ni dume aliyehasiwa, mnene, wa kukaa ndani. Jioni ile alikuwa anaingia kwenye sanduku lake la mchanga, anachuchumaa, anatoka, anarudi tena, na katikati anajilamba nyuma kwa hasira. Ukimtazama tu unaweza kuapa kwamba amefunga choo. Nilipiga simu nikaanza kueleza, na dada wa mapokezi akanikatiza kwa upole.

"Samahani dada, ni dume au jike?"

"Dume."

"Mkojo wake wa mwisho umeuona kwa macho, au unadhani amekojoa?"

Nikaangalia mchanga nikiwa bado na simu sikioni. Matone machache tu, yenye wekundu.

"Mlete sasa hivi. Usimminye tumbo, usimpe dawa yoyote. Ukifika usipange foleni, taja jina lake tu."

Nimeyarudia mazungumzo hayo neno kwa neno kwa sababu yana uzito. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba mno, na unazidi kuwa mwembamba kuelekea mwisho. Ute na chembechembe za madini vikikwama humo, mkojo hauna pa kwenda, figo zinashindwa kuchuja damu, na potasiamu inapanda hadi moyo unaanza kusuasua. Asipozibuliwa, anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Paka jike naye huumwa kibofu, lakini ni nadra sana azibe kabisa. Kwa hiyo swali la "dume au jike" liliamua kama tungesubiri hadi asubuhi au tungeondoka nyumbani palepale, na aliyeliuliza si daktari. Mtu amemfundisha vizuri, naye amefundishika.

Mlangoni muuguzi alilichukua boksi la kubebea kabla sijapewa fomu yoyote. Daktari aliweka mkono mmoja chini ya tumbo la Jivu, akatulia, kisha akaushika mkono wangu akauweka hapohapo. Kibofu kilikuwa kigumu kama mpira wa tenisi. Akanieleza kwamba paka anayechuchumaa kila mara lakini kibofu chake ni kidogo na laini, mara nyingi ana uvimbe wa kibofu wenye maumivu, na huyo anaweza kungoja zamu yake. Mwenye kibofu kilichojaa na kukaza hangoji.

Wakambandika nyaya za kipimo cha moyo. Paka mwenye hofu juu ya meza ya daktari moyo wake hukimbia, mapigo 180, 200, hata zaidi kwa dakika. Wa Jivu ulikuwa 120 na kidogo, na hata hofu hakuionyesha tena, alikuwa amelegea. Mashine ya damu ikatoa majibu baada ya dakika chache: potasiamu 8.1, wakati kwa paka mzima haipaswi kuvuka 5.5 hivi. Daktari hakukimbilia kuzibua. Alianza na kalsiamu, akiisukuma polepole mshipani huku jicho lake likiwa kwenye skrini, na huku anafanya hivyo akinifafanulia: kalsiamu haishushi potasiamu hata kidogo, inaulinda moyo kwa nusu saa hivi ili wapate muda wa kuweka dripu na kufungua njia. Ndipo nikaona mawimbi yaliyokuwa yametanuka kwenye skrini yakianza kubana, na namba ya mapigo ikipanda. Sijawahi kufurahia namba namna ile.

Kabla ya kumpa dawa ya usingizi wakaniletea karatasi ya makadirio ya gharama. Kila kitu kilikuwa na mstari wake: kipimo cha damu, dawa ya usingizi, mpira wa mkojo, dripu, eksirei ya kutafuta mawe. Kila mstari ulikuwa na kiasi cha chini na kiasi cha juu, na daktari alinionyesha ni ipi anaweza kuiondoa bila kumhatarisha paka na ni ipi hawezi. Mwisho wa karatasi palikuwa na swali: moyo wake ukisimama, tujaribu kuurudisha au tumwache? Najua wapo wanaoliona swali hilo la kikatili. Mimi naliona la heshima. Linakupa nafasi ya kuamua ukiwa bado na akili zako, badala ya mtu kukuuliza akiwa anatoka mbio mlangoni. Niliandika wajaribu, nikatia sahihi.

Hawakulazimika. Mpira ulipita, wakasafisha kibofu kwa maji ya chumvi mara kadhaa, na muuguzi akaja kunionyesha mfuko wa mkojo wenye rangi ya damu iliyochanganyika na maji, akitabasamu kama mzazi.

Sasa hapa ndipo wengi wangeharibu. Paka aliyezibuliwa hurudi nyumbani baadaye, si usiku uleule. Mpira hukaa siku moja hadi tatu, dripu inaendelea, na mkojo unapimwa, kwa sababu figo zikishafunguka huweza kumwaga mkojo mwingi kuliko kawaida na mgonjwa akakaukiwa upya. Na mpira ukitolewa mapema anaweza kuziba tena. Kliniki inayofunga saa nne usiku haiwezi kufanya hayo. Daktari alinitamkia hivyo bila kuzungukazunguka, akaipigia mwenyewe hospitali inayofanya kazi usiku kucha, akamsomea mwenzake majibu ya potasiamu kwa simu, akaniandikia saa ya kila dawa aliyotoa, akamwachia Jivu mpira na sindano ya dripu mahali pake ili wasianze kumchoma upya. Tulifika kule tayari wanatusubiri. Mtu mwenye tamaa angemzibua, akamwambia mwenye paka "mwangalie tu nyumbani", akachukua malipo yote. Hawa waligawana kazi na wengine, na paka wangu yuko hai.

Bosi ni habari nyingine. Alikanyaga kioo, akachanika chini ya unyayo wa mbele. Damu ilikuwa nyingi, maana unyayo wa mbwa una mishipa mingi midogo, lakini aliingia mwenyewe kwa miguu mitatu, mkia unacheza. Muuguzi alimfunua mdomo, akabonyeza ufizi kwa kidole, akaachia: rangi ya waridi ikarudi kabla ya sekunde mbili. Akasikiliza moyo, akafunga kitambaa cha kubana damu, akasema, "Huyu atasubiri, na nitakwambia kama kuna mabadiliko." Sehemu ya kwanza ilitimia. Tulisubiri sana.

Kusubiri kwenyewe sikulalamikii. Foleni ya dharura hupangwa kwa hali ya mgonjwa, na aliyewahi kufika hana haki zaidi ya anayekufa. Tukiwa pale aliingia mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, anajaribu kutapika hatoi kitu ila mate mazito yanayoning'inia, tumbo limevimba na kukaza. Walimpitisha mbele yetu sote. Mwenyewe alitusimulia akiwa anangoja gari: tumbo lilijaa gesi likajizungusha, na damu ikakosa njia ya kurudi moyoni. Walimpiga eksirei moja amelalia ubavu wa kulia, wakatoa gesi kwa sindano nene, wakamwekea dripu, wakampeleka kwenye chumba cha upasuaji cha hospitali nyingine. Bila upasuaji mbwa kama huyo hufa. Aliyekuwa na mbwa wa sikio linalowasha alianza kunung'unika kwamba amerukwa. Nilimwambia siku mbwa wake akiwa hivyo, atataka sisi wengine turukwe.

Ninacholalamikia ni kwamba hakuna aliyekuja kutuambia chochote. Muuguzi alishaahidi. Ubao ukutani unaoonyesha wangapi wako mbele, au mtu kupita kila baada ya muda na kusema "bado saa moja hivi", kungetutuliza sote. Kuna mama alikata tamaa akaondoka na mbwa wake anayechechemea, na sijui kama alimpeleka kwingine.

Zamu yetu ilipofika kazi ilikuwa safi. Walimlaza Bosi kwa dawa, wakapitisha maji mengi ya chumvi kwenye jeraha mpaka kikatoka kipande cha kioo ambacho kwa macho hakikuonekana, ndipo wakashona. Bandeji ilifungwa kwa tabaka, ncha za vidole viwili vya kati zikiachwa nje. Niviangalie kila siku, waliniambia: vikivimba, vikiachana, au vikiwa baridi, bandeji imebana na anarudi siku hiyo hiyo, asingoje siku ya miadi. Akitoka nje afungwe mfuko wa plastiki juu ya bandeji, na akirudi ndani uvuliwe mara moja, kwa sababu unyevunyevu ndani yake huozesha ngozi kuliko tope.

Dawa ya maumivu ilikuwa ya mbwa, na daktari alirudia mbele yangu kwamba nisiongeze kitu kutoka kwenye kabati la dawa zetu. Ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Kwa paka, parasetamoli ni balaa zaidi: ini lake halina uwezo wa kuivunja, damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unageuka kahawia, na kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumwua. Alijua nina paka kwa sababu alisoma faili. Hilo nililipenda.

Kosa jingine, na hili lina ufumbuzi rahisi: paka na mbwa wanakaa chumba kimoja cha kusubiri. Paka mgonjwa aliyetazamwa na mbwa kwa saa nzima anafika mezani moyo ukiwa juu, sukari ya damu ikiwa imepanda kwa hofu, na vipimo vinaanza kudanganya. Kona moja yenye pazia na rafu za kuweka maboksi juu, mbali na sakafu, ingetosha. Hadi waifanye, nenda na taulo ufunike boksi lote.

Na kuna wagonjwa wasiopelekwa hapa hata kama ni karibu zaidi. Paka anayehema mdomo wazi, mnyama aliyegongwa na gari, kifafa kinachozidi dakika tano au kinachojirudia kabla hajazinduka, ufizi mweupe au wa bluu: hao wapelekwe moja kwa moja kwenye hospitali ya saa ishirini na nne, na upige simu ukiwa njiani. Kwa sumu, beba pakiti yenyewe. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na mbwa huweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa kabla ya kuanza kutoka damu. Jina lililoandikwa kwenye pakiti ndilo linalomwambia daktari kama vitamini K1 itasaidia au ni aina nyingine kabisa. Usimtapishe kwa chumvi. Na kama paka amelamba hata chavua ya maua ya lili, usingoje dalili, maana zikionekana figo zimeshaumia.

Nyota niliyoipunguza ni ya chumba cha kusubiri: ukimya wao kwa wanaongoja, na paka kuchanganywa na mbwa. Kwa matibabu, kwa kueleza gharama na kwa kumkabidhi mgonjwa kwa wengine, nawapa zote. Ukienda jioni, piga simu kwanza. Baada ya saa tatu usiku hawaanzi kesi inayohitaji dripu ndefu, nao wanakuambia hivyo kwenye simu kabla hujampakia mnyama.