TAHADHARI: Anayeuza "sabuni ya mwani ya Paje" kwenye stetasi si wa Paje, na sabuni yake inaunguza watoto

Jana nimeona kabadilisha jina na picha, anauza tena. Kwa hiyo nimeshindwa kunyamaza. Kabla hamjatuma hela, someni.

Mnaomjua mwanangu Nuru mnajua pumu ya ngozi inavyomtesa, sirudii. Shemeji ndiye aliyeniletea ile stetasi: sabuni ya mwani, mwarobaini na mafuta ya nazi, imetengenezwa na wanawake wa Paje, kijiji cha pwani ya Unguja. Na sikukurupuka. Mwanaisha aliwahi kutuletea kipande cha sabuni ya mwani alichonunua kulekule Paje, kwa wanawake wenyewe, Nuru akaoga nacho mpaka kikaisha bila kujikuna. Nilijua kitu hicho kipo na ni kizuri. Ndiyo njia aliyonipatia huyu mwizi.

Hakuniandikia, alipiga. Sauti ya mama mtu mzima, lafudhi ya Unguja, nyuma unasikia kuku na watoto wanasoma chuoni. Hakuanza na bei. Aliuliza mtoto ana umri gani, anajikuna zaidi usiku au mchana, asubuhi shuka lina damu? Jamani, mzazi wa mtoto mwenye pumu ya ngozi akiulizwa habari ya damu kwenye shuka, anajua anaongea na mtu anayeyafahamu. Nililia kwenye simu. Akasema, "Maskini mwanetu. Tulia mwanangu, huyu tumeshampata." Kisha akanitumia video, maji yamekupwa, wanawake wamejifunga kanga viunoni wanavuna mwani kwenye kamba.

Nikamuuliza habari ya kostiki, ile soda kali inayounguza ngozi, nakumbuka neno kwa neno: "Mama, haina kostiki?" Akajibu hapohapo, "Astaghfirullah, kostiki ya nini? Majani matupu hayo. Tena mbichi, nimeikata juzi, si hizo zinazokaa mwezi mzima zimeshakufa." Mbichi! Nikafurahi. Sisi wote tumelelewa hivyo, dawa ya majani ni ile iliyochumwa leo. Vipande sita, elfu 48, na nauli ya boti nikaongeza.

Mzigo ulikuja umefungwa vizuri kwenye majani makavu ya mgomba. Sabuni kijani, inanuka mwarobaini kabisa, ukiibonyeza inabonyea. Jioni nikampaka mtoto mgongoni na kwenye viwiko. Dakika haikupita akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Si kilio cha kuwashwa. "Mama inachoma! Mama toa!" Nasuuza, mgongo unateleza tu, utelezi hauishi, na chini yake ngozi imeshakuwa nyekundu. Mama mkwe akaja na ndimu apake. Jirani yetu nesi ndiye aliyemshika mkono: maji ya bomba yanayotiririka, mengi, bila kuacha, wala si ndimu wala siki. Siku hiyo wageni wa hitma walikuwa bado wamejaa sebuleni, na wote walisikia nikiulizwa, "Umemuogesha na nini mtoto?" Mpaka leo naona aibu kupita pale barazani.

Hospitali daktari alikichukua kile kipande, akakivunja. Ndani kina vinukta vyeupe na majimaji. Akanieleza kitu ambacho laiti kila mama angekijua: hakuna sabuni ya mafuta inayotengenezwa bila kostiki, hata hiyo nzuri ya Paje. Ikipimwa sawasawa na mafuta, kostiki yote inageuka sabuni, haibaki. Halafu vipande vinaachwa kwenye hewa wiki nne hadi sita vikauke na kukomaa. Huyu hakupima, hakusubiri, kakata, kafunga, kauza. Ule ubichi aliojisifia ndio uliomuunguza mwanangu. Na hata sabuni iliyokomaa vizuri ina pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ndiyo katikati) ya 9 hadi 10, yaani alkali, wakati ngozi iko kwenye 5 hivi, upande wa asidi, kwa hiyo mtoto kama Nuru anapakwa kidogo, sehemu chafu tu, akitoka anapakwa mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu.

Nilipompigia yule muuzaji, unajua alisema nini? "Hiyo ni sumu inatoka, endelea siku saba." Siku saba! Kwenye kidonda! Nilipomwambia niko hospitali akakata, akanibloku.

Mwanaisha kauliza Paje, hakuna anayemjua. Wale wa kwenye video hawana habari naye kabisa. Kina mama wa pwani ile wanalima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, mwani mkavu hauna bei ya maana, na miaka hii bahari imepata joto, mwani unakufa kwenye kamba. Sabuni ndiyo imewapa chochote. Halafu mtu anakaa sijui wapi anakula kwa jina lao! Huyu afungwe. Sitaki arudishe elfu 48, nataka asimame mbele ya hakimu aangalie picha za mgongo wa Nuru. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na vipodozi huku Bara viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Isiishie kwenye onyo.

Dalili za kumtambua muuzaji wa aina hii: anasema haina kostiki, anasifia ubichi, sabuni haina karatasi wala tarehe wala jina la kikundi, na hapokei simu ya video. Na sabuni yoyote mpya ijaribuni kwanza sehemu ndogo ndani ya mkono wenu wenyewe, msubiri mpaka kesho.

Namba yake siiweki hapa, nimeshaipeleka polisi. Mlionunua kwake, msitupe vipande hata kama vinawatia hasira. Vifungeni kwenye mfuko, hifadhini ujumbe wa malipo, nitafuteni. Jumatatu asubuhi naenda TBS na nataka twende wengi.