Mashine ndogo ya kukereza vyuma nyumbani: uzoefu wangu hapa Tanga

Niliyonunua ni ile ndogo ya Kichina inayokaa juu ya meza: inazungusha kipande cha chuma huku ncha kali ikikichonga. Jina lililobandikwa mbele halina maana sana, kwa sababu umbo ni lile lile na kila muuzaji hubandika lake. Inabeba kipande chenye kipenyo cha hadi milimita 180 juu ya kitanda, yaani reli za chuma za chini, na urefu wa milimita 350. Injini ni wati 550, chaki, yaani kibanio kinachoshika kipande na kuzunguka nacho, ni ya taya tatu, milimita 80. Uzito ni kama kilo 40, kwa hiyo tafuta mtu wa kushika upande wa pili. Umeme ni wa kawaida wa nyumbani, fezi moja, na hapo ndipo iliposhinda zile kuukuu za gereji zinazotaka fezi tatu. LUKU haiumii: pasi ya nguo inakula zaidi.

Niseme mapema kwamba hujanunua mashine iliyokamilika. Umenunua vyuma vilivyochongwa vizuri kiasi, umaliziaji ni wako. Yangu ilifika imepakwa grisi nyekundu kila mahali, na ukiipitisha grisi ile kati ya vidole unasikia chenga za chuma zilizobaki kiwandani. Ukiiwasha hivyo hivyo utakuwa unasaga kitanda cha mashine yako mwenyewe. Fungua kila kinachofunguka, osha kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, paka oili safi.

Halafu kuna kale kaulimi kembamba ka chuma kanakobana sehemu inayobeba ncha ya kukatia. Kana skrubu tatu, kila moja na nati yake. Kiwandani wanakaza tu ilimradi, kwa hiyo ukishika kishikio cha ncha na kukitikisa kinacheza. Legeza nati, kaza skrubu moja moja mpaka mpini wa kusogeza ncha ugome, kisha rudisha kiduchu mpaka uzunguke mzito kidogo bila kucheza. Kaza nati huku umeshikilia skrubu isifuate. Kazi hii inaudhi, maana kila ukikaza nati skrubu nayo inasogea. Lakini kabla sijaifanya kila nilichokereza kilitoka na mawimbi, na baada yake kikatoka kinang'aa.

Sasa kutu. Wanaokaa karibu na bahari, Raskazone au Chumbageni, hawahitaji kuelezwa. Kitanda cha mashine ni chuma cha kusubu kilichosuguliwa, hakina rangi, na hewa yetu ina chumvi mwaka mzima. Msimu wa masika, ukiondoka jioni na alama ya kiganja chako juu ya kitanda, asubuhi unaikuta imeandikwa kwa rangi ya kahawia. Turubai la nailoni linazidisha tatizo, linafungia unyevu ndani. Kinachonifaa ni kanga kuukuu iliyolowa oili, inatandikwa moja kwa moja juu ya chuma, na kifuniko cha kitambaa juu yake. Mwongozo uliokuja na mashine umegusia kutu kwa sentensi moja. Walioandika hawajawahi kukaa Tanga.

Kilichonituma kununua ni baiskeli. Mji wetu ni wa baiskeli, na vipuri vidogo kama bushi, koni na ekseli ama havipatikani, ama vinavyopatikana ni waja leo waondoka leo. Hapa kuna jambo ambalo tangazo halisemi. Baiskeli za mtindo wa Kiingereza, hizi Phoenix na Hero tunazopanda, hesi zake, yaani ile mikunjo ya skrubu, ni za inchi. Pedali ni inchi 9/16, hesi 20 kwa kila inchi, na ya kushoto inafungwa kinyume. Mashine ni ya milimita, skrubu yake kuu, ile ndefu inayoivuta ncha wakati wa kukata hesi, inasogeza milimita 1.5 kwa kila mzunguko. Hesi 20 kwa inchi maana yake ni milimita 1.27 kwa mzunguko, na kuipata kamili kunataka gia ya meno 127, ambayo haimo kwenye seti ya gia za kubadilisha inayokuja na mashine.

Dawa ipo ndani ya seti hiyo hiyo. Weka gia ya meno 55 juu, ya 65 kwenye skrubu kuu, na yoyote inayoenea katikati ya kuunganisha. Utapata 1.269 badala ya 1.27. Kwa urefu wa hesi za pedali, tofauti yote haifiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Sharti lake ni kwamba ukishaiunganisha ncha na skrubu kuu kwa wenzo wake usiiachie mpaka umalize: rudisha ncha nyuma, geuza injini irudi, ingiza ncha tena. Ukiachia, mkato unaofuata hautaingia kwenye njia ya kwanza.

Ekseli ya pedali niliyokata hivyo nilimpelekea fundi baiskeli mmoja mzee kule Ngamiani. Aliifunga kwa vidole, bila spana, ikaingia yote. Akaitoa, akaitazama juani, akaifunga tena.

"Mjomba, hii imekubali. Umechukua muda gani?"

"Shikamoo mzee. Asubuhi nzima."

"Marahaba. Asubuhi nzima! Kule gereji wanamaliza chai yangu haijapoa."

Na kasema kweli. Ukiwa na ncha ya haispidi, ile ya chuma kigumu cha kukatia, chuma laini kinataka uso wake upite kwenye ncha kwa mwendo wa kama mita 30 kwa dakika, yaani kipande cha kipenyo cha milimita 25 kizunguke mara 380 hivi kwa dakika. Mwendo huo mashine inaufikia bila shida. Inachokosa ni ubavu. Ukizidisha kina cha mkato, injini inanguruma na kipande kinaanza kuimba. Mimi naridhika na nusu milimita kwa kipenyo. Kukata kipande kabisa kukitenganisha na fimbo ndiyo kazi inayoishinda zaidi: tumia ncha nyembamba ya milimita 2, mwendo wa chini, mafuta mengi, au chukua msumeno wa mkono umalize mambo.

Chuma cha kukereza nachukua kwa wauza skrepa. Nondo usihangaike nazo, mahali laini mahali ngumu, zinamaliza ncha. Ukipata shafti ya zamani iliyotoka kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, chukua bila kubishana sana. Fimbo za shokapu zinavutia kwa mng'ao, lakini ule mng'ao ni kromu ngumu. Ncha ya haispidi inateleza tu.

Kuhusu umeme nina sifa moja na lalamiko moja. Sifa: swichi yake ikizimika kwa umeme kukatika, haijiwashi ukirudi mpaka ubonyeze mwenyewe. Kwa mashine inayozunguka, hilo linaokoa vidole. Lalamiko: kadi ya kuongoza mwendo wa injini haipendi umeme unaopanda na kushuka. Yangu ya kwanza iliungua, na muuzaji alichukua muda kujibu kama vile hatujawahi kujuana. Sasa inapita kwenye stabilaiza. Gia za plastiki za ndani nazo huvunjika ncha ikigonga chaki, ila hizo naziona kama fyuzi. Ni afadhali zivunjike kuliko ekseli kuu ipinde.

Glavu vua kabla ya kuwasha, na mikono ya shati ipande juu ya kiwiko. Miwani vaa.

Anayetaka kufungua biashara ya kukereza shafti za bodaboda na pampu asinunue hii. Atafute kubwa kuukuu na mahali pa kuiweka. Mwenye kibanda cha nyuma, subira na vitu vidogo vya kutengeneza, ataifurahia. Bei inapanda na kushuka na dola, kwa hiyo sitaitaja, ila tenga karibu nusu yake tena kwa ncha, vernia ya kupimia, kishikio cha kekee na stabilaiza. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuonyeshe kadi ya akiba na seti kamili ya gia, uzihesabu meno: 55 na 65 zikikosekana, mwambie apunguze bei au azilete.